Hongera, Makatekista Wanawake wa Shinyanga na Geita

Jimbo Katoliki la Shinyanga lina jina hilo tangu 1956, enzi za wamisionari wa shirika la Maryknoll. La Geita likafuata 1984. Majina ya maaskofu yameandikwa. Ya akina mama wanaofundisha dini vigangoni ni nadra kuandikwa. Padri huja kwa zamu, mama yupo. Anafundisha sala kwa Kiswahili, wasioelewa anawafafanulia kwa Kisukuma. Machimboni ndiko kugumu: dhahabu ikisikika kwingine, wazazi hufunga virago, wanafunzi wa komunyo ya kwanza nao hao! Anaanza upya na wengine. Kwingine mwanamke wa kazi kama hiyo alitambuliwa: huko Kraków, mwaka 1917, mshonaji Sarah Schenirer aliwafungulia wasichana wa Kiyahudi shule ya dini, akasifiwa. Hongereni nanyi, mama zetu. Parokia nazo zikumbuke nauli zenu.