Sola ya nyumbani inalipa? Tuisome ripoti ya GOGLA tukiwa Kakonko

Swali la "nifunge sola au nisubiri TANESCO?" limekuwa gumu zaidi Kakonko tangu nguzo zianze kusogea vijijini. Zamani jibu lilikuwa jepesi: nguzo hakuna, funga sola ukiweza. Kibondo na Kasulu zilikuwa zinategemea majenereta ya dizeli, mpaka gridi ya taifa ilipoanza kuingia mkoani Kigoma mwaka 2022 ikitokea Nyakanazi. Leo unakuta kaya moja ina nguzo hatua chache kutoka mlangoni, nyingine iko ng'ambo ya bonde ambako hata waya hauonekani, na zote mbili zinaambiwa maneno yale yale: sola inajilipa yenyewe.

Maneno hayo si ya wauzaji wa gulioni tu. Yamo hata kwenye ripoti nzito. Mwaka 2018 GOGLA, ambacho ni chama cha kimataifa cha kampuni za sola zisizotegemea gridi, ilitoa ripoti iitwayo Powering Opportunity. Walihojiwa wateja zaidi ya 2,300 katika Kenya, Msumbiji, Rwanda, Uganda na hapa kwetu Tanzania, miezi mitatu baada ya kununua. Namba zilizosambaa ni hizi: asilimia 58 ya kaya zilisema zinafanya kazi au biashara zaidi kwa sababu ya sola, na asilimia 36 zilisema zimepata kipato cha ziada, kwa wastani dola 35 kwa mwezi. Kwa kiwango cha wakati ule hiyo ni kama shilingi 80,000. Ukimwambia mkulima wa maharage kule Kakonko kwamba paneli ya juu ya bati itamletea elfu themanini kila mwezi, atauza mbuzi leo leo.

Hebu tulia kidogo. Wastani wa dola 35 ni wa wale asilimia 36 tu. Ukiwagawia wateja wote, inashuka mpaka dola 12 na ushee kwa kila kaya. Na hao wateja ni akina nani? Ni watu waliokuwa tayari na hela ya kianzio, na pengine tayari walikuwa na genge, saluni au wazo la kuchajia watu simu. Hakuna kundi la kulinganisha nalo, yaani kaya zinazofanana nao ambazo hazikununua. Bila kundi hilo huwezi kujua kama kipato kimeletwa na sola au kimeletwa na msimu wa mavuno. Halafu miezi mitatu! Miezi mitatu betri bado ni bibi harusi. Balaa la betri huanza mwaka wa pili au wa tatu, na wakati huo mhojaji ameshaondoka.

Sisemi ripoti imedanganya. Nasema imeuliza swali ambalo jibu lake lisingeweza kuwa baya sana. Mtu aliyetoka kutumia hela nyingi kwenye kitu, miezi mitatu baadaye ukimuuliza kama kinamsaidia, unategemea aseme nini?

Wapo watafiti waliouliza kwa namna ngumu zaidi. Jirani zetu Rwanda, Michael Grimm na wenzake waligawa vitaa vidogo vya sola kwa kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wakazilinganisha na kaya ambazo hazikupata. Waliopata walitumia hela kidogo zaidi kwenye mafuta ya taa na betri kavu, moshi ulipungua ndani, na watoto walisogeza sehemu ya masomo yao kutoka mchana kwenda jioni. Kule India, Michaël Aklin na wenzake walifanya jaribio kama hilo katika jimbo la Uttar Pradesh na kulichapisha mwaka 2017. Matumizi ya mafuta ya taa ya soko la magendo yalipungua, lakini hawakuona ushahidi wa kuongezeka akiba, wala biashara mpya, wala saa za kusoma. Kwa hiyo mwanga, ndiyo. Afueni ya matumizi, ndiyo. Utajiri, bado sana.

Sasa tuilete kwenye shilingi, maana hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Chukua paneli ya wati 100. Kwa nyanda zetu, ukikusanya mwanga wote wa siku ya kawaida unapata kama saa nne na nusu za jua kali kamili (masika ni chini ya hapo, kiangazi juu kidogo). Hiyo ni wati-saa 450. Toa kama asilimia 30 inayopotea kwenye vumbi, joto, nyaya na betri yenyewe, unabaki na kama 315. Kwa mwezi ni uniti tisa na nusu hivi, uniti zile zile unazozijua kwenye LUKU.

Uniti tisa na nusu TANESCO ni shilingi ngapi? Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na ukiweka kodi na tozo inafika 122. Kwa hiyo paneli yako inakuzalishia umeme wa shilingi 1,160 hivi kwa mwezi. Soma tena. Hata ungekuwa kwenye kundi la juu, la shilingi 356 kwa uniti, isingefika 3,400.

Upande wa gharama, bei nitakazotumia ni za mfano, wewe weka za dukani kwako. Tuseme paneli, betri ya maji, chaja kontrola, nyaya na ufundi ni 600,000, na betri unabadilisha kila miaka mitatu kwa 250,000. Kwa miaka tisa umetoa milioni moja na laki moja, umepata uniti kama 1,020. Kila uniti imekugharimu zaidi ya shilingi 1,000, na hapo ni kama umezitumia zote bila kupoteza hata moja. Mwenye nguzo mlangoni akifunga mfumo huu ili akwepe bili, ananunua kwa elfu moja kitu kinachouzwa 122. Kuunganishiwa kijijini kwa njia moja ni 27,000 kama nguzo iko karibu. Gharama ya kutandaza nyaya ndani ni yako, ila mwenye chumba kimoja au viwili anaweza kuanza na UMETA.

Lakini usikimbilie kuicheka sola, kwa sababu kaya ya ng'ambo ya bonde hailinganishi na TANESCO. Inalinganisha na kibanda cha kuchaji simu. Chaji moja ya simu janja inakula kama wati-saa 15. Kama kibandani unalipa 300, umenunua umeme kwa shilingi 20,000 kwa uniti! Hakuna mteja mwingine wa umeme nchini ninayeweza kumfikiria anayelipa bei hiyo, na ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote. Simu mbili zikichajiwa siku moja baada ya nyingine ni shilingi 9,000 kwa mwezi, kabla hujanunua betri za tochi. Kwake hata sola ya uniti elfu moja ni nafuu ya ajabu. Ila angalia: nafuu hiyo inapatikana kwenye uniti za mwanzo mwanzo tu, za taa na simu. Kifaa kidogo chenye taa tatu na waya wa kuchajia kinaiokota karibu yote. Ukipanda hadi mfumo mkubwa wa TV na friji, unaongeza uniti ambazo hazikuwa zikikugharimu chochote, kwa hiyo hakuna unachookoa. Unanunua starehe, na starehe si dhambi, ila usiiite akiba.

Wauzaji hupenda pia kulinganisha na koroboi. Hapo nao wamepitwa na wakati. Gunther Bensch, Jörg Peters na Maximiliane Sievert walionesha mwaka 2017 kwamba vijijini katika nchi nyingi za Afrika watu walishahama wenyewe kutoka mafuta ya taa kwenda tochi za LED za betri kavu, bila mradi wa mtu yeyote. Akiba ikihesabiwa kutoka kwenye koroboi ambayo haiwaki tena, hiyo ni akiba ya kwenye karatasi.

Kuna suala la mkopo. Kulipa kidogo kidogo kwa simu kumewafikishia watu wengi taa, hilo silipingi. Lakini piga hesabu: shilingi 700 kwa siku kwa miaka mitatu ni zaidi ya 766,000. Na mkulima wa kahawa au maharage hapati hela kila siku, anapata kwa msimu. Mwezi wa kulima, siku usiyolipa, mtambo unajifunga na taa hazipo. Na kampuni nayo inaweza kuyumba kabla yako: Mobisol ya Ujerumani, iliyouza sana Tanzania kwa mtindo huu, ilifilisika mwaka 2019 ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Ukiandikiwa dhamana ya miaka mitano, uliza atakayeitimiza ni nani.

Mwisho, paneli yenyewe. Jua kali la saa sita linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri ya siku hizi inageuza asilimia 20 hadi 22. Kwa hiyo paneli ya nusu mita kwa mita moja haiwezi kuzidi wati 100 na kitu, hata kama kwa nyuma imebandikwa karatasi ya wati 300. Huhitaji mita ya umeme kuligundua hilo dukani. Futikamba ya fundi cherehani inatosha.