Kitufe Kinasema "Pata Pesa"

Majina ya huduma za simu Kenya yanastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya. Hicho ndicho Kiswahili tunachosoma kila siku bila mwalimu kutulazimisha. Okoa Jahazi. M-Shwari. Fuliza. Hakikisha. Aliyeyabuni ana sikio, tumpe haki yake.

Anza na Okoa Jahazi. Jahazi likianza kuzama, kila aliyemo huchota maji kwa chochote kilicho karibu na hakuna anayetoza mwenzake. Huku ukiomba salio la 100 unapewa 90. Muokoaji ameshachukua yake. Kisha M-Shwari, iliyokuja 2012: bahari imetulia. Ilipoanza, utulivu huo ulikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Na mbona bahari tena? Wengi wetu wa Nairobi tuliiona mara moja, ziara ya shule, lakini tunakopeshwa kwa lugha ya mabaharia. Kiswahili cha pwani kinasikika kama cha mtu asiyeweza kukudanganya.

Fuliza ndiyo kazi bora kuliko zote, na sisemi hivyo kwa kejeli. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo, bila kukatiza. Kabla ya 2019 neno hili nililijua kwa insha tu. Leo konda akisema "nimefuliza," matatu nzima inajua hali ya mfuko wake. Neno limefufuka likiwa na maana mpya, kutumia pesa ambayo huna, ila ile ya zamani haijaondoka. Pesa ikiingia, Fuliza inakata yake kwanza. Unabaki na kidogo, kesho unafuliza tena. Jina lilituambia stori yote mapema, sisi tukasikia utamu tu.

Hakikisha haina ushairi wowote. Inakuonyesha jina la mtu kabla hujamtumia pesa, basi. Ndilo jina ninaloliamini.

Sasa nikiri. Kuna kampuni ya mikopo iliwahi kunilipa niandike Kiswahili cha apu yao. Bosi alitaka "lugha ya mtaa, yenye utu." Nikaandika "Karibu tena, rafiki." Nikaandika "Imebaki hatua moja tu!" Tulibishana hata kuhusu nywila, na hapo nilishinda, kwa sababu sijawahi kukutana na mtu aliyesahau nywila. Watu husahau paswadi. Lakini kitufe cha kukopa kilinila siku mbili. "Omba mkopo" ilikuwa kama kupiga magoti. "Chukua mkopo" ilikuwa na harufu ya wizi. Tukatulia kwa "Pata pesa." Mkopo ukatoweka ndani ya maneno mawili na mimi nikajisikia mshairi.

Nikauliza kuhusu vigezo na masharti, kurasa kadhaa za Kiingereza kizito. Nikaambiwa niziache, wakili hataki utata. Ruhusa ya kusoma namba zote kwenye simu ya mteja ilikuwa humo humo. Ujumbe wa kumkumbusha aliyechelewa kulipa ulikuwa umeshaandikwa, nao kwa Kiingereza, na yule "rafiki" hakuwemo. Yaani Kiswahili kilikuwa cha kukuingiza tu. Ukishaingia, unaongea na wakili. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zimekataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu walio kwenye simu yako ukichelewa kulipa, na hilo ni jambo zuri. Lakini sheria hiyo inagusa mwisho wa hadithi. Mwanzo wake bado unaandikwa na watu kama mimi, tunaolipwa kwa neno, na sijawahi kusoma mahali popote mtu akitukosoa kama anavyokosolewa mwandishi wa riwaya mbovu.

Mwezi jana nilikuwa kwa mamangu. Akanipa simu yake nimsomee kitu. Kilikuwa kitufe changu, kijani, katikati ya skrini.

"Hii pesa wanasema nipate," akaniuliza, "ni ya kurudisha?"

Nikamwambia ndio, na riba. Sikumwambia ni nani aliyeandika.