Gita kavu, ampli na vidole viwili

Mtu akisikiliza «Masanga» ya Mwenda Jean Bosco, ile Hugh Tracey aliyoirekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, anauliza: wapiga gita ni wawili? Hapana, ni mmoja, tena kwa vidole viwili. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinaimba juu, sauti moja haifuniki ingine. Ampli haimo.

Tunayasema haya sababu hapa Lokandu vijana wa chama chetu wanataka feza tuliyochanga inunue ampli na bafle. Walituonyesha kazi yao kwa ampli ndogo ya kuazima, wakaipandisha mpaka mwisho. Vidole vilikuwa vizuri, tunakiri. Lakini ampli ndogo ikisukumwa hivyo inapasua sauti: uzi wa chini ulinguruma, wimbo wa juu ukazama kama pirogi iliyojaa. Mzee mmoja kando yetu aliuliza nani amewasha jenereta.

Sisi tunaona feza ile inunue gita kavu mbili zenye nyuzi za chuma. Nailoni ni laini kwa vidole, lakini mlio wake unazimika mbio. Chuma kinalia wazi. Ila gita iliyotengenezwa kwa nailoni isifungwe nyuzi za chuma, zinavuta kwa nguvu mpaka daraja linang'oka. Waya za freni ya baiskeli, ambazo wengi wetu tulianza nazo, zibaki kwa watoto, hazikai katika sauti. Kila kisha kupiga, nyuzi zipanguswe: unyevu wa Lualaba unaleta kutu upesi. Na kwa kupandisha sauti, kalamu ya mti iliyofungwa shingoni kwa kipande cha mpira wa baiskeli inatosha.

Hatukatai umeme. Merle Travis wa Marekani naye alipiga kwa gumba na shahada, hata kwenye gita ya umeme, na kila noti ilibaki wazi. Basi, kama ampli inapashwa kununuliwa, njo iwe yenye nguvu, ipigwe chini ya nguvu yake. Hiyo ni bei kubwa, na watu wetu wanakaa chini ya mwembe mmoja, wote wanasikia.

Kura ni kwenye mkutano ujao. Tutaleta radio na «Masanga», tutaomba vijana wasikilize kwanza.