Pumzi ya Kutoka

Katani ikisokotwa haina kelele. Katika soko la Kariokor, nyundo za mafundi wa ngozi huimeza sauti yake, na kile kinachobaki humalizwa na magari ya Ring Road. Inabidi uketi karibu. Mama mmoja msuka viondo huzigawa nyuzi za mkonge mafungu mawili juu ya paja, huyasukuma mbele kwa kiganja mpaka kila fungu lijikunje, kisha huyarudisha nyuma mara moja, na yale mawili yakashikana kuwa uzi. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Nilianza kuketi pale mwaka ule niliokosa usingizi.

Wasiwasi wangu haukuwa na adabu ya kubisha hodi. Ulinikuta ndani ya matatu, foleni imesimama, konda anapiga bodi makofi. Moyo ukaenda mbio, vidole vikafa ganzi, nikajua nakufa, tena nitakufa nikiwa sijapewa chenji. Hospitalini walipima moyo, damu na presha, wakakuta vyote vizima. Daktari akaniambia, “Jaribu yoga.” Hakusema ipi. Ni sawa na kumtuma mtu sokoni akanunue kitu.

Kuipata yoga upande huu wa Nairobi si kazi ngumu. Tangu 2007, Mmarekani Paige Elenson alipoanzisha Africa Yoga Project, vijana wengi wa mitaa kama yetu wamefunzwa kuwa walimu. Na hapo Ngara, hatua chache kutoka kwetu, familia za Kihindi zimeishi na neno hilo miaka na mikaka. Shida ni kuchagua.

Darasa la kwanza nililoingia, ambalo silitaji, lilikuwa la kasi: mikono juu, inama, ruka nyuma, jisukume, inuka, tena, jasho likidondoka mkekani. Sina neno na yoga ya namna hiyo. Kijana mwenye hasira na nguvu zisizo na pa kwenda huondoka pale mwepesi. Mimi, dakika ya ishirini, moyo wangu ulikuwa ukidunda vilevile ulivyodunda kwenye matatu, na mwili haukuuliza sababu. Ulisoma dalili tu: moyo mbio, pumzi fupi, jasho. Basi ni hatari. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi na viatu mkononi, nikiona aibu.

Mwalimu wa pili alikuwa wa shule ya polepole. Alilaza watu chali, matako karibu na ukuta, miguu imeegemezwa juu, leso iliyokunjwa chini ya kichwa. Kutumia blanketi, mikanda na matofali kuubeba mwili ni maarifa yaliyoenezwa na B.K.S. Iyengar wa Pune (1918–2014), mtu aliyekua akiwa mtoto mgonjwa mgonjwa, na nadhani ndiyo maana alijua mwili dhaifu hauhitaji kugombezwa. Sisi tofali letu lilikuwa tofali la kweli, limefungwa kwa gazeti.

Kisha akatupa hesabu: vuta kwa nne, toa kwa sita. Ukivuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, ukiitoa, hupunguza. Kwa hiyo anayerefusha pumzi ya kutoka anaukanyagia moyo breki bila kuuomba ruhusa. Ukizoea, unaongeza mvumo wa nyuki, ule Wahindi wanaouita bhramari: midomo imefungwa, unavuma mpaka fuvu litetemeke, na pumzi yenyewe inarefuka. Kushika pumzi, au kuitoa kwa vishindo vya harakaharaka, alitukataza kabisa. Alisema hizo ni za baadaye, na mwenye wasiwasi zinaweza kumletea kizunguzungu na hofu upya.

Ninachomsifia zaidi ni sikio lake. Alipita kati ya mikeka akisikiliza, na alipofika kwangu alijua kwamba nahesabu haraka ili niwahi kumaliza. Akachuchumaa, akahesabu yeye. Hakuniambia “tulia” hata siku moja. Neno hilo tumelisikia sana kutoka kwa polisi na makonda, na sijamwona bado aliyetulia kwa kuamriwa.

Mwisho wa kila darasa tulilala mkao wa maiti. Watu wa kanisani kwetu wangesikia jina hilo wangekemea. Mimi nililala nikikumbuka kwamba mtaa huu una tanuri ambamo Wahindu huchoma wafu wao, na kwamba hata jina Kariokor ni Carrier Corps iliyolainishwa na ndimi zetu: wapagazi wa vita vya 1914–1918, waliobeba risasi na unga wa Waingereza hadi Tanganyika, na makumi ya maelfu hawakurudi. Dar es Salaam nako kuna Kariakoo, jina lilelile. Nililala chali katika mtaa wa watu waliokatazwa kutua mzigo, nikiwa nimelipia kiingilio ili niutue wangu.

Siku moja nilimuuliza mama wa viondo anafikiria nini anaposuka. Nilitarajia jibu la hekima.

“Karo,” akasema.

“Basi?”

“Na kodi. Mkono unajua kazi yake, mwanangu. Kichwa nacho kina yake.”

Alikuwa ameanza kitako cha kiondo, duara dogo la nyuzi zilizochanua kama miale, na uzi wa kusukia unazunguka, juu ya mmoja, chini ya mwingine. Karo haikuwa imepotea usoni mwake. Ilikuwa pale, imeketi kando yake kama mgeni aliyekuja bila taarifa, na kazi haikusimama kwa ajili yake. Muda wote nilikuwa nikisubiri pumzi imfukuze mgeni wangu.

Nikaomba nijaribu. Akanitazama miguu, akacheka: “Pandisha suruali.” Nikaweka mafungu mawili pajani, nikasukuma mbele, nikarudisha. Uzi ukafumuka.

“Unakimbia,” akasema, akanipa katani nyingine.

Nikatoa pumzi kwanza.