Fa hadi si bemoli, mkono umetulia

Mpiga gitaa la besi wa Gisenyi, aliyelelewa na kwaya za kanisani na bendi za mwambao wa Kivu, akishika besi kubwa ya kusimama kwa mara ya kwanza hushindwa na umbali. Uzi wa gitaa lake una urefu wa sentimita 86 hivi. Wa besi kubwa hukaribia 105. Kutoka fa hadi sol kwenye uzi wa mi, gitaa linamdai sentimita 9. Besi kubwa inamdai karibu 11. Yale mazoea ya kidole kimoja kwa kila nusu toni, ukiyaleta chini kabisa ya shingo ndefu namna hii, yanachosha kiganja na kuharibu sauti.

Jibu la zamani lilitoka Vienna, kwa Franz Simandl, mpiga besi na mwalimu aliyefariki mwaka 1912. Katika mfumo wake kidole cha shahada ni 1, cha kati ni 2, na cha mwisho ni 4. Cha pete hakina noti yake huku chini. Kinashuka pamoja na kile cha mwisho kukipa nguvu. Mkono ukikaa mahali pamoja unabeba nusu toni mbili kwenye kila uzi, basi. Ukitaka zaidi, vuka uzi au uhame.

Hapo ndipo besi inayotembea inapotia watu jasho. Kila pigo lina noti yake, mapigo manne kwa kila kipimo, na kila uhamisho una nafasi ya kukosea. Watu wa Kongo walipata kuisikia besi ya namna hii mwaka 1960, Louis Armstrong alipopiga Léopoldville na Élisabethville, yaani Kinshasa na Lubumbashi za leo, Mort Herbert akiwa kwenye besi. Rumba yao wenyewe nayo ilianza na besi kubwa, kabla gitaa la besi halijachukua nafasi yake.

Chukua bluzi ya fa, ufunguo wa “Now's the Time” ya Charlie Parker, iliyorekodiwa 1945. Noti hapa zina majina ya Kifaransa yaliyozoeleka upande huu wa ziwa: do ni C siku zote. Nyuzi, kuanzia nene, ni mi, la, re, sol. Shahada inakaa nusu toni moja tu kutoka mwanzo wa shingo, mahali wanafunzi wa Simandl wanapoita nusu pozisheni.

Kipimo cha kwanza: fa, la, do, re. Fa ni kidole 1 kwenye uzi wa mi. La ni uzi mtupu. Do ni kidole 4 kwenye uzi wa la, na re ni uzi mtupu tena. Cha pili: si bemoli, re, fa, mi. Si bemoli ni kidole 1 kwenye uzi wa la, re ni mtupu, kisha fa na mi zinapatikana kwenye uzi wa re kwa 4 na 2. Ile mi haimo katika kodi ya si bemoli. Ni ya kupitia tu, maana kipimo cha tatu kinaanzia mi bemoli: mi bemoli kwa 1, re mtupu, do kwa 4, la mtupu. Cha nne: do kwa 4, mi bemoli kwa 1, fa kwa 4, la mtupu. Kisha si bemoli inafungua kipimo cha tano, na kidole 1 kiko palepale juu yake.

Noti kumi na sita, na mkono haujahama hata mara moja. Sita kati yake ni nyuzi tupu. Kwa hiyo walimu wanaowakataza wanafunzi nyuzi tupu, ati zinasikika kichanga, wanawanyang'anya pumzi. Uzi mtupu ukilia, vidole vyote viko huru kwa pigo zima, na hata pale ambapo mkono unalazimika kuhama, huo ndio wakati wa kuuhamisha bila msikilizaji kujua.

Gharama yake ni kuzima. La tupu ya kipimo cha kwanza inajizima yenyewe, kwa kuwa do inayofuata inabanwa kwenye uzi uleule. Re haijizimi. Shahada ikibana si bemoli kwenye uzi wa la, re bado inavuma pembeni na kuichafua. Dawa ni kuilaza shahada kidogo, tumbo lake liuguse uzi wa re bila kuubana, kisha kuinyanyua kwa pigo la pili re inaporudi.

Sogeza sasa wimbo huohuo hadi la bemoli, ufunguo ambao waimbaji wa kanisani huuomba bila huruma. Mwendo ule wa mwanzo unakuwa la bemoli, do, mi bemoli, fa, na hakuna uzi mtupu hata mmoja. Wengi hubana do kwa kidole 4 kwa kuwa ndivyo walivyozoea, wakajikuta wamehama mapema, mara tu baada ya noti ya kwanza, pale sikio linapotaka uthabiti. Afadhali kuanzia mwisho: fa itabanwa na 4 kwenye uzi wa re, na mi bemoli na 1, zote katika nusu pozisheni. Basi la bemoli ipigwe kwa 4 kwenye uzi wa mi, nusu toni moja juu zaidi, na do kwa 2 kwenye uzi wa la, mkono ukiwa palepale. Baada ya do, mkono mzima unarudi nyuma sentimita tano na nusu hivi, dole gumba likifuatana nao nyuma ya shingo, na shahada inatua juu ya mi bemoli.