Paneli mbili za nini, kama kontrola ni ile?

Sitaisimulia upya video ya Hiace iliyogeuzwa gari la kulala, maana imeshapita kwenye simu za watu wote wanaojua tofauti ya wati na ampea. Niende moja kwa moja pale ilipoharibika. Hiace imeegeshwa kando ya barabara ya vumbi pale Nkoma, Itilima, mlango wa nyuma uko wazi. Paneli mbili za wati 330 zimelala juu ya paa moja nyuma ya nyingine, betri mbili za lithiamu ziko chini ya kitanda. Fundi anafungua boksi dogo, anatoa kontrola ya bluu, PWM ya ampea 30, anaifunga ukutani kwa skrubu nne huku akitabasamu. Hapo hapo karibu theluthi mbili ya umeme wa paa lile iliaga. Yaliyofuata, taa za rangi, mapazia, friji iliyopigwa picha pande zote, ni mapambo tu.

Najua nitaambiwa nina gubu. Mimi na PWM tuna ugomvi wa zamani, na waliosoma safu hii kwa muda mrefu wanajua nimeshawachosha nayo. Lakini safari hii ushahidi ulikuwa umebandikwa mgongoni mwa paneli yenyewe, na kamera ilipita juu yake taratibu kabisa kama inayotaka tusome. Seli 72. Volti 37 na ushee zikiwa kazini. Ampea 8.9. Fundi alisoma kibandiko kile kwa sauti, akafika kwenye wati 330, akaishia hapo. Namba mbili zilizobaki, ambazo ndizo zilizopaswa kumchagulia kontrola, aliziruka.

Tufanye hesabu aliyoiruka. Paneli mbili zikiungwa sambamba, ampea zinakuwa 17.8 na volti zinabaki 37. PWM haina uwezo wa kubadili volti. Ni swichi inayofunguka na kufunga kwa kasi, na kila inapounganisha, paneli inaburutwa chini hadi volti ya betri. Betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa iko kwenye 13 hivi. Zidisha 17.8 kwa 13, unapata wati 230. Paa limebeba 660, mfuko umelipia 660, betri inaona 230. Ni mkulima wa pamba aliyefikisha magunia matatu AMCOS, mzani ukasoma moja, naye akashukuru na kurudi nyumbani.

Wapo walioandika kwamba umeme uliobaki unageuka joto ndani ya kontrola. Hapana. Shikeni kontrola ile saa sita mchana, mtaikuta vuguvugu tu. Umeme ule haukuzalishwa kabisa. Paneli inayolazimishwa kufanya kazi kwenye volti 13 wakati imeumbwa kwa 37 inaacha nguvu ya jua ibaki kwenye seli zake, zinapata moto zaidi kidogo, basi. Ndiyo maana kosa hili halinuki, haliunguzi waya wala halikati fyuzi. Mfumo unawaka, taa ya kijani inamulika, mwenye gari anamlipa fundi na kumpa soda.

Kontrola ya MPPT ingepokea zile volti 37 kama zilivyo, ikazishusha hadi 13 na kupandisha ampea kwa kiasi kile kile ilichoshusha. Kwa namba za kibandiko ni kama ampea 51. Sasa tuwe wakweli, kibandiko kinapimwa seli zikiwa kwenye nyuzi 25, na hakuna seli ya Nkoma inayokaa nyuzi 25 saa saba mchana. Zitafika 60 na zaidi, na kila nyuzi moja juu ya 25 inakula takriban asilimia 0.4 ya nguvu. Toa na vumbi, toa na upotevu wa waya, kata asilimia 20 kwa jumla. Unabaki na wati 528, ampea 40. Kontrola ya ampea 50 ingetosha na kubaki.

Sasa tuingie ndani ya gari. Friji ya kompresa itakula kama wati-saa 500 kwa siku. Feni ya wati 30 ikizunguka usiku kwa saa nane ni 240. Taa, simu, kompyuta mpakato na pampu ya maji tuziwekee 300. Jumla ni 1,040. Kwa saa tano za jua kali, PWM italeta 1,150 na MPPT italeta 2,640. Mtu wa haraka atasema mbona PWM inatosha, 1,150 ni zaidi ya 1,040. Ndivyo fundi alivyojitetea mwishoni mwa video, kwamba amepiga mahesabu na inatosha.

Inatosha siku ya jua. Lakini gari la kulala halihukumiwi siku ya jua, linahukumiwa siku ya tatu ya mawingu. Betri zile mbili za ampea-saa 100 zina wati-saa 2,560 zikijaa. Mawingu ya Desemba yakikaa Itilima siku mbili, zimebaki na chini ya 500, au tuseme deni limefika 2,000. Jua likirudi, PWM inaleta 1,150, matumizi yanachukua 1,040, kinachobaki cha kulipa deni ni 110. Gawanya. Ni zaidi ya wiki mbili na nusu za jua lisilokatika ili betri zijae tena, na msimu wa mvua haujawahi kumpa mtu jua la hivyo. MPPT ingebakiza 1,600 kila siku. Siku moja na kitu deni limekwisha. Hapo ndipo kontrola mbili zinapoachana, na hapo ndipo maneno yote ya kwamba zote kazi yake ni moja yanapoanguka.

Bei? Ndiyo, MPPT ya kweli ni ghali mara kadhaa kuliko kile kiboksi cha bluu. Lakini paneli ya pili ilinunuliwa ya nini? Paneli moja ikiwa na MPPT ingeleta wati 264 baada ya joto na vumbi. Paneli mbili na PWM zinaleta 230. Angeiacha ya pili dukani na kuhamishia pesa yake kwenye kontrola, angepata umeme zaidi na gari lingekuwa jepesi.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba dawa ya bure ilikuwa mikononi mwake. Betri ni mbili. Aliziunga sambamba, zikabaki volti 12. Angeziunga mfululizo, chanya ya hii kwa hasi ya ile, angepata volti 24. Kiboksi kile kile cha bluu kinatambua 12 na 24 chenyewe, imeandikwa usoni pake. Ampea 17.8 kwa volti 26 ni wati 460. Umeme umekuwa maradufu kwa kuhamisha kipande cha waya. Friji nyingi za magari zinakula 12 na 24 bila kuuliza, na kwa taa na pampu ni kutafuta kibadilishi kidogo cha 24 kwenda 12. Kitu kimoja tu cha kuangalia kwanza, karatasi ya betri iseme kwamba inaruhusu kuungwa mfululizo, maana si kila lithiamu inakubali. Fundi hakuitazama karatasi. Ilionekana ikiwa bado kwenye nailoni yake.

Na kwa kuwa tuko kwenye kontrola, mpangilio uliachwa kwenye alama ya betri ya maji. Betri ya maji hupigwa volti za juu mara moja moja ili maji yake yachanganyike. Lithiamu haitaki mchezo huo, na bodi ya ulinzi iliyo ndani yake itakata tu. Siku friji itakapozima katikati ya mchana wa jua kali, msimtafute mchawi.

Kazi nyingine ilikuwa safi. Waya wa milimita 16 za mraba, fyuzi jirani na betri, nafasi ya vidole vinne chini ya paneli ili upepo upite.

Kuna waliomlaumu kwa kuzilaza paneli bapa. Hao wasimsumbue. Wanaotaka paneli iinamishwe nyuzi 35 wamesoma vitabu vya Ujerumani, wakasahau kwamba Simiyu iko nyuzi tatu hivi kusini mwa Ikweta. Jua letu linapita utosini. Paneli bapa Nkoma inapoteza kidogo sana, na shida yake ni vumbi la barabara ya pamba lisiloteremka lenyewe. Kitambaa na ndoo ya maji kila asubuhi, kabla kioo hakijapata moto.

Lawama nyingine ilikuwa ya mkwaju, kwamba gari liliegeshwa pembeni yake na kona ya paneli ya mbele ikapata kivuli. Kwa kawaida ningeungana nao, maana kivuli kwenye seli chache huzima theluthi nzima ya paneli. Ila hapa kuna kichekesho. Theluthi ikizimika, volti zinashuka kutoka 37 hadi 24 au 25, na PWM ilikuwa inazitupa hizo hata hivyo. Ampea hazipungui. Mkwaju ule haukuiba kitu, kwa sababu hakukuwa na cha kuiba.

Wakubwa hawakufanya hivi. Harold Burris, Mmarekani aliyeshusha sola hadi mikononi mwa mafundi wa Kenya, alipofunga umeme wa jua Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi kule Meru mwaka 1984, paneli ilikuwa ghali kiasi kwamba kila ampea ilijulikana inakwenda taa gani. Karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya ziwa, shirika la KARADEA lilianzisha kituo cha kufundishia mafundi wa sola Karagwe mwaka 1993, na ukikutana na mtu wa kizazi kile utamjua tu. Kabla hajagusa bisibisi ameomba kalamu. Anaandika mzigo, anaandika saa, anaandika siku za mawingu, ndipo anakuuliza una pesa kiasi gani. Wao walitumia kontrola za kawaida, na walikuwa sahihi, kwa sababu paneli za enzi yao zilikuwa za seli 36, volti 17 na ushee, zimetengenezwa makusudi kwa betri ya volti 12. Upotevu ulikuwa mdogo. Paneli zimebadilika, zimekuwa kubwa za kufunga mapaa ya viwanda, ndizo zinazofurika madukani Mwanza na Bariadi kwa bei ya kutupa, na mafundi wetu wameendelea kuzifunga kwa mkono wa 1993. Wazee wale walipima kwanza. Vijana wamerithi kontrola, mita wameiacha.

Na hili la kupenda paneli juu ya paa bila kuuliza linaleta nini halikuanzia Nkoma. Mwaka 2016 Uganda ilizindua Kayoola ya Kiira Motors, Rais Museveni akiwepo, na magazeti ya dunia nzima yakaliita basi la jua. Lilikuwa basi zuri la umeme, abiria 35, kilomita 80 kwa betri zake. Lakini paa la basi kama lile, hata ulijaze paneli hadi ukingoni, linakupa kilowati nne ukibahatika, na kwa siku nzima ni kilomita 15 au 20 za mwendo. Niliyasema wakati ule nikaitwa mchawi wa maendeleo. Basi lililofuata, Kayoola EVS, linachomekwa kwenye chaja kama kitu chochote cha umeme, na linakwenda kilomita 300. Sijapokea barua ya kuniomba radhi.

Mkitaka kuona paa lililofikiriwa, tazameni gari la kulala la wanafunzi wa Eindhoven, Stella Vita, lililotoka Uholanzi mwaka 2021 likafika Tarifa, ncha ya kusini ya Hispania, kwa jua. Likiegeshwa, paa linanyanyuka na mabawa mawili yanafunguka, paneli zinafika mita za mraba 17.5. Wale walijua gari la kulala linakaa zaidi ya linavyotembea, wakabuni kwa ajili ya kukaa. Hatuna pesa zao. Ila kubadili waya wa betri hakuhitaji chuo kikuu cha Uholanzi.

Gari lenyewe nasikia linaelekea Lamadi, kisha geti la Ndabaka. Mwenye nalo aazime klampu mita kwa fundi yeyote pale stendi, saa sita mchana betri zikiwa hazijajaa, aibane kwenye waya unaotoka kontrola kwenda betri. Akisoma 40, kuna mtu amemwekea MPPT. Akisoma 17, asifurahi wala asikasirike kabla hajapima volti: 17 kwenye volti 26 ina maana waya umeshahamishwa, na 17 kwenye volti 13 ni ile ile kazi ya Nkoma, na friji aijaze soda tu, nyama asiweke.