Mimbari na Mlolongo: Mahubiri kama Matini ya Kisiasa, Kitale na Bungoma

Historia ya mahubiri ya kisiasa nchini Kenya kwa kawaida huanziwa 1986, Baraza la Kitaifa la Makanisa lilipopinga kura ya mlolongo. Hoja yake ilikuwa ya kichungaji: mchungaji akionekana nyuma ya mgombea mmoja, amewapoteza waumini waliosimama nyuma ya mwingine. Hata hivyo, mwaka 1988 KANU iliwateua wagombea wake kwa mlolongo. Makala haya yanadai kuwa mwanzo huo unaficha jambo.

Tuanze na umbo. Mahubiri ni fumbo lenye kinga. Mhubiri anayesoma kisa cha shamba la Nabothi mbele ya wakulima wa Kitale hana haja ya kumtaja mnyakuzi. Hadhira itamtaja moyoni. Askofu Alexander Muge, ambaye dayosisi yake ya Eldoret ilijumuisha Kitale, mara nyingi aliliacha fumbo na kushutumu unyakuzi wa ardhi waziwazi. Tarehe 14 Agosti 1990 alifariki katika ajali ya barabarani akitoka Busia, siku chache baada ya waziri mmoja kutamka hadharani kuwa akienda huko hatatoka hai. Kinga ya mimbari, basi, ina mpaka.

Lakini je, asiye na mimbari? Elijah Masinde wa Kimilili, Bungoma, aliyetengwa na Kanisa la Marafiki, aliidai ardhi hiyo hiyo ya Trans Nzoia kutoka kwa walowezi. Serikali ya kikoloni ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kisha ikaipiga marufuku Dini ya Msambwa mwaka 1948. Serikali huru ilirudia marufuku hiyo mwaka 1968. Lalamiko la ardhi lililomfanya askofu aitwe nabii lilimfanya Masinde aitwe mwendawazimu.

Itasemwa kwamba Masinde hakudai sanduku la kura, na ni kweli. Hata hivyo, tofauti ya mapokezi haielezwi na maudhui peke yake. Inaelezwa pia na taasisi iliyosimama nyuma ya msemaji. Mhakiki akisoma mahubiri bila kuuliza nani alinyimwa mimbari, ataliita kanisa mlezi wa demokrasia kwa ushahidi wa sauti zilizoruhusiwa tu. Kanisa lililotetea siri ya kura lina deni la kujibu pia kuhusu waliofungiwa mlango wake.